Kadogi Kako Bado Kanaruka Lakini Ufizi Umekuwa Mweupe? Chanuka Kabla Hujakimbia Agroveti

Kama uko na kadogi kwa keja, hii stori ni yako. Na kama beshte yako wa Kondele amekuahidi kamoja wikendi hii, soma mara mbili kabla hujasema ndio.

Juu hivi ndivyo huenda. Kadogi kanakuja kakiwa na wiki saba, tumbo mviringo, masikio hayajaamua kama yatasimama. Siku ya kwanza kanakula soksi. Siku ya pili kanakojolea kapeti. Wiki ya tatu umejaza simu na picha zake, na hata mathe, yule husema mbwa ni wa kulala nje, ameanza kukawekea mabaki kando. Halafu asubuhi moja kanainua kichwa, kanakuangalia, kanarudi kulala. Jioni kanacheza tena kidogo, unajiambia ni hili jua la Kisumu tu. Siku nne baadaye uko ndani ya tuktuk saa tatu usiku, boksi kwa mapaja, unapigia kila namba ya veti yenye unaweza pata.

Hizo siku nne za katikati ndizo tunataka kuongelea. Hapo ndipo tudogi twingi tunapotea, na mara nyingi mwenye mbwa hajakosa mapenzi. Amedanganywa na mchezo.

Mchezo unadanganya aje?

Unajua venye mtoi mwenye malaria anaweza kuwa chini asubuhi, halafu saa nane yuko nje anapiga mpira? Kadogi ni hivyo hivyo. Mnyama mchanga hana akili ya kujipumzisha. Ukirusha kiatu, atakikimbilia hata kama damu imebaki nusu. Kwa hivyo usiulize "kanacheza ama hakachezi?" Uliza "kanacheza kama jana?" Jana kalikimbizana na mpira mpaka wewe ukachoka. Leo kamekimbia mara tatu, kakalala kwa simenti na ulimi nje. Hiyo ni habari, na usiiwache ipite.

Kuna kitu cha dakika moja unafaa kufanya kila asubuhi kabla hujatoka kwenda kazi. Inua mdomo wa juu, uangalie ufizi. Rangi ya waridi ni poa. Bonyeza na kidole, patakuwa peupe, halafu rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Ikichelewa, ama ufizi wote ukiwa mweupe kama karatasi, damu imepungua na huo si wakati wa kungoja mwisho wa mwezi. Ukiwa wa manjano, ni mbaya pia, seli za damu zinavunjwa ama ini limeguswa. Mbwa wengine wako na ufizi mweusi wa kuzaliwa. Hao vuta kope la chini ya jicho, ndani yake utaona rangi ile ile.

Angalia na mkojo. Ukiwa umekolea rangi kama strungi, usifikirie maji machache pekee. Na hii stori ya kugusa pua eti ikiwa baridi mbwa ni mzima, hiyo ni stori ya jaba. Pua hukauka mbwa akilala karibu na jiko na hulowa akijilamba. Joto la mbwa mzima ni kama nyuzi 38.3 mpaka 39.2, juu kuliko letu, ndio maana kila mbwa mzima ukimshika unahisi ni wa moto. Kipima joto cha kwapani hakitakusaidia hapa. Mbwa hupimwa kwa njia ya nyuma, ukiwa na mafuta kidogo na beshte wa kushika kichwa.

Kupe, huyo adui wa kwanza

Ukiuliza kwa nini tudogi twa huku huishiwa damu, jibu la kwanza ni kupe. Na huyu kupe wa hudhurungi wa mbwa ana tabia moja mbaya: hahitaji shamba wala nyasi. Anaweza kuzaliwa, kukua na kutaga mayai ndani ya keja yako ya chumba kimoja. Jike akishiba damu anajiangusha, anaingia kwa ufa wa ukuta, nyuma ya kabati ama chini ya godoro, na anataga maelfu ya mayai. Watoto wake wakianguliwa wanapanda kwa mbwa, wanakula, wanashuka, wanabadilika, wanapanda tena. Mara mbili hivyo kabla awe kupe mkubwa. Mkubwa mwenyewe anaweza kukaa miezi bila kula akingoja mbwa apite. Ndio maana unaweza kuhamia nyumba mpya Manyatta, mpangaji wa zamani alikuwa na mbwa, na kadogi kako kakapata kupe bila kutoka nje ya mlango.

Magonjwa mawili ndiyo ya kujua kwa jina. La kwanza ni erlikia. Hiki ni kijidudu kinachoingia ndani ya seli nyeupe za damu, na kinaangusha zile chembe za kugandisha damu. Mbwa anapata homa, anakataa dishi, tezi zinavimba, na wengine wanatoka damu puani ama wanapata madoa mekundu kwa ngozi ya tumbo. La pili ni babesia. Hii inavunja seli nyekundu zenyewe, ndipo unaona ufizi mweupe na mkojo wa strungi. Kupe mmoja hahitaji wiki nzima kuambukiza. Erlikia inaweza kupita ndani ya masaa machache baada ya kuuma.

Sasa sikiza hapa, juu hapa ndipo watu wengi huchapwa. Erlikia iko na awamu. Ya kwanza huchukua wiki mbili hivi mpaka nne, mbwa ni mgonjwa na unaona. Halafu mwili unapigana, mbwa anaamka, anakula, anaruka juu ya kochi, na wewe unasherehekea. Kumbe kijidudu bado kiko, kimejificha, na kinaweza kukaa hivyo miezi hata miaka. Ukiingia awamu ya mwisho, uboho ndani ya mifupa umechoka kutengeneza damu, na hapo hata veti mkali hana mengi ya kukuambia. Kadogi kenye kalipona "peke yake" kakiwa na miezi mitano ndiko kale kanaanguka kakiwa na mwaka na nusu na hakuna mtu anaunganisha hizo stori mbili.

Ukiona kupe, mtoe na kibano chembamba, umshike karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kupinda. Usimchome na kiberiti, usimpake mafuta taa, na usimpasue kwa kucha. Mtumbukize kwa maji ya sabuni ama spiriti. Angalia ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia na chini ya kola. Wanapenda hapo juu mbwa hawezi kufika kujilamba.

Agroveti si kliniki

Hakuna anayedharau agroveti. Watu wetu wengi wamelelewa na agroveti, kuanzia dawa ya kuku mpaka mbegu. Lakini jamaa wa kaunta anaweza kuwa ni muuzaji tu. Sheria ya Kenya ya 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao inasema wote wasajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mwenye digrii na mwenye diploma au cheti wana orodha zao na mipaka yao ya kazi. Kuuliza namba ya usajili si madharau, na mtaalamu wa kweli hawezi kukasirika.

Tuje kwa dawa zenyewe. Dawa ya kuogesha ng'ombe yenye amitrazi inaua kupe, hiyo ni kweli. Shida ni kwamba lebo imeandikwa vipimo vya ng'ombe, na wewe unapima na kifuniko cha soda. Kadogi kadogo kakipewa nyingi kanalegea, kanayumba kama mlevi, moyo unapiga polepole, na mwenyewe anadhani ni ugonjwa umezidi, anaongeza nyingine. Unga wa kuua wadudu nao ni vile vile: kadogi kanajilamba, na yote inaingia tumboni. Na oili chafu ya gari kwa upele, tafadhali, hiyo iache gereji. Inachoma ngozi, inamezwa, na upele wenyewe unabaki.

Kuna tembe za kutafuna za kupe kama Bravecto na NexGard, moja hufanya kazi kama wiki 12 na nyingine mwezi. Zinapewa kulingana na uzito na umri, kwa hivyo mbwa anapimwa kilo kwanza. Ziko juu kidogo kwa bei, lakini linganisha na dripu, vipimo na tuktuk tatu za usiku. Kama doh haitoshi, ongea na majirani wenye mbwa mchange, mnyunyizie ploti yote siku moja na dawa yenye veti amewatajia. Ukinyunyizia mlango wako pekee, kupe wa mlango wa pili watakuwa kwako baada ya wiki mbili.

Usipe mbwa tembe zako za maumivu. Parasetamoli na ibuprofeni zinaua mbwa wadogo, moja kupitia ini na damu, nyingine kupitia tumbo na figo. Ile "nusu tu" ya mtu wa kilo 70 si nusu kwa kadogi ka kilo tatu.

Siku 28 na mgonjwa asiyekubali kulala

Tuseme umefika kwa veti, damu imeangaliwa kwa hadubini ama kwa kipimo cha haraka, na imesemekana ni erlikia. Utapewa doksisaikilini, kwa kawaida siku 28. Ikiwa ni babesia, hiyo tembe haitoshi, kuna sindano yake tofauti, na ndiyo sababu kipimo cha damu ni muhimu. Kubahatisha ni kutupa ganji.

Hizi siku 28 ndizo ngumu kuliko siku ya kliniki. Siku ya pili ama ya tatu kadogi kanafufuka. Kanakula, kanabweka, kanataka vita na ndala zako. Na wewe unaona bado kuna tembe 25 kwa karatasi, unaanza kufikiria kuziweka za siku nyingine. Maliza zote. Zipe na chakula, la sivyo atatapika. Usizipe na maziwa, yanapunguza nguvu ya dawa. Ugali laini umefinyangwa na omena ndani yake unaficha tembe vizuri sana, mpe kwanza donge tupu, halafu lenye dawa, halafu lingine tupu haraka kabla hajashtuka.

Mchezo je? Mbwa mwenye damu kidogo hafai kukimbia, juu seli nyekundu ndizo hubeba hewa. Lakini kumfungia tu kwa kona kunamtia wazimu, na atatafuna mlango. Mpe kazi ya pua badala ya kazi ya miguu. Ficha vichwa vya omena ndani ya taulo kuukuu iliyokunjwa, ama kwa chupa ya plastiki yenye matundu, umwache azungushe mwenyewe. Kunusa nako kunamchosha. Mfunze kukaa, kungoja, kutoa mkono. Fanya asubuhi na jioni, juu mchana wa Kisumu kwa nyumba ya mabati ni oveni, na mbwa hapati jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Maji yawe karibu, na simenti yenye kivuli inatosha kuwa kitanda.

Mwisho wa dawa, rudi damu iangaliwe tena. Watu huhepa hii kwa sababu mbwa anaonekana fiti.

Parvo haibishani na mtu

Kama kadogi kanatapika na kuharisha damu yenye harufu ya kukumbukwa, wacha kusoma, enda. Parvo ilijulikana mara ya kwanza 1978 na ndani ya muda mfupi ilikuwa imezunguka dunia. Hakuna dawa ya kawaida ya kuua virusi vyenyewe. Veti anapambana na kukauka kwa maji na maambukizi mengine, kwa dripu na sindano, mpaka mwili ushinde. Bila hiyo, siku mbili tatu zinatosha kumaliza kadogi.

Kinachouma zaidi ni kwamba chanjo iko. Inaanza wiki ya sita mpaka ya nane, inarudiwa kila wiki tatu ama nne mpaka kadogi kafike wiki 16. Kwa nini kurudia? Maziwa ya mama yanampa kinga ya muda, na hiyo kinga inazima chanjo ya mapema bila wewe kujua. Hakuna anayejua siku kamili kinga ya mama inaisha, kwa hivyo unachanja mara kadhaa ili usikose hiyo nafasi. Muuzaji akikuambia "huyu ameshachanjwa, miss hakuna" na kadogi kana wiki sita, maana yake ni kwamba kamepata ya kwanza tu, kama hata hiyo iko. Itisha kadi yenye stika na tarehe.

Na kama mbwa alikufa na parvo kwa hiyo ploti, usilete mwingine mwezi ujao. Virusi hukaa kwa udongo miezi mingi, hata kupita mwaka, na sabuni ya kawaida haviogopi. Jik sehemu moja kwa maji sehemu 30 inafanya kazi kwa sakafu na bakuli. Kwa udongo haisaidii sana.

Minyoo tupite haraka: karibu kila kadogi huzaliwa nayo ama huipata kwa maziwa ya mama. Dawa inaanza wiki ya pili, inarudiwa kila wiki mbili mpaka wiki 12, halafu kila mwezi mpaka miezi sita. Minyoo ya ndoano hunyonya damu, kwa hivyo ufizi mweupe si lazima uwe kupe. Mayai na mabuu yake hupita kwa udongo mpaka kwa watoi wanaocheza miguu mitupu, kwa hivyo okota kinyesi kila siku, na watoi wanawe mikono kabla ya kudishi.

Ugali, omena na mgongo wazi

Mbwa wa huku anakula tunachokula, na hakuna aibu hapo. Lakini ugali na supu pekee hauwezi kujenga mifupa ya mbwa anayekua, hasa hawa wakubwa kama jamanshepadi. Hata nyama tupu bila mifupa haina kalsiamu ya kutosha. Miguu ya mbele inaanza kupinda, kadogi kanalia kakiruka kochi, na mifupa inaweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu. Watu wanasema amerogwa. Amekosa kalsiamu.

Hapa ndipo omena inatuokoa. Inaliwa nzima na mifupa yake myororo, ina protini na kalsiamu pamoja. Ioshe mara kadhaa, juu ile iliyoanikwa chini huja na mchanga, ichemshe bila chumvi, uchanganye na ugali kidogo na mboga. Usiitegemee peke yake maisha yote, ongeza yai, matumbo, chakula cha duka ukiweza.

Mgongo wazi ni stori nyingine. Ukipita Obunga unajua hiyo harufu: mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya viwanda kutoa minofu, imekaangwa mpaka imekauka. Kwa binadamu mwenye subira ni tamu balaa. Kwa kadogi kenye kanameza bila kutafuna, mfupa uliokaangwa ni kisu. Unavunjika vipande vyenye ncha, unakwama kooni ama unatoboa utumbo. Kuku wa kukaanga pia, mifupa yake hapana.

Halafu kuna kitunguu. Hii watu hawaamini. Kitunguu, kibichi ama kilichopikwa, kinavunja seli nyekundu za mbwa. Sasa fikiria mbwa aliye na babesia anapewa mchuzi wa samaki wa jana wenye vitunguu vitatu. Unamtibu kwa mkono mmoja na kumwaga damu yake kwa mkono mwingine. Toa lake kando kabla hujaunga mboga.

Kadogi na ziwa

Kumpeleka mbwa Dunga jioni ni raha, na picha hutoka poa. Lakini usimwache akunywe maji yakiwa na ule utando wa kijani kama rangi imemwagika. Ghuba ya Winam hupata hayo maua ya mwani, na baadhi yake yanatoa sumu ya ini. Nchi nyingi mbwa wamekufa kwa kunywa maji kama hayo, ama kwa kujilamba manyoya baada ya kuogelea. Gugu maji nalo linafanana na uwanja wa nyasi. Kadogi kanaruka juu yake, kumbe chini ni maji. Viboko hatuwezi kuwasahau, wanatoka kula nyasi giza likiingia na hawana muda na mbwa anayebweka. Na wewe ukiingia maji mpaka magoti kumuosha, unajitafutia kichocho. Beba maji yako kwa chupa, umuoshe nyumbani na ndoo.

Akikuuma kwa mchezo

Kadogi kote huuma. Meno ya maziwa yanaanza kung'oka karibu na mwezi wa nne na ufizi unawasha, kwa hivyo mkono wako ni kitu cha kutafuna kama kingine. Akiuma, nyamaza, simama, umwache peke yake nusu dakika. Kumpiga kunamfunza kuogopa mikono, na mbwa anayeogopa mikono atamuuma mtoi wa jirani. Mpe kamba ya matambara atafune.

Lakini Kisumu hatuwezi kuongelea kuuma bila kutaja kichaa cha mbwa. Kisa cha kwanza cha binadamu kuandikwa Kenya kilikuwa 1928, mwanamke wa Nyanza Kusini, hapa hapa kwetu kando ya ziwa. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu unaua karibu watu 2,000 kwa mwaka nchini. Serikali ilipotoa mpango wake wa 2014 wa kuumaliza ifikapo 2030, Kisumu na Siaya zilikuwa kati ya kaunti tano za kuanzia, pamoja na Machakos, Makueni na Kitui. Hesabu yenyewe ni rahisi: chanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, miaka mitatu mfululizo, na virusi vinakosa njia ya kupita. Kadogi kako ni moja ya hiyo hesabu. Chanjo yake hupewa kwa kawaida akifika miezi mitatu, na kampeni za bure za kaunti zikija, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, mpeleke hata kama ni mgeni kwa ploti.

Ukiumwa na mbwa usiyejua chanjo yake, hata kama ni kadogo na kalikuwa kanacheza tu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Saa inaonekana ndefu, lakini hesabu zote. Halafu hospitali siku hiyo hiyo, iwe Jaramogi, ile wazee bado wanaita Russia, ama kituo kilicho karibu, ukaulize chanjo ya kichaa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna wa kukurudisha. Usimuue mbwa kwa hasira, maana akifungwa na kuangaliwa siku kumi, hali yake inawaambia madaktari mengi.

Na hii ishike sana: mbwa anayetoa mate, sauti imebadilika na anashindwa kumeza, usiingize mkono mdomoni ukidhani ni mfupa wa mgongo wazi umekwama. Kichaa cha mbwa huanza hivyo hivyo. Mfungie mahali, piga simu kwa veti, na umwambie hizo dalili kabla hajafika.

Ploti, landlodi na safari ya ocha

Kabla ya kuleta mbwa, uliza landlodi ama keyateka, na uongee na jirani wa karibu. Kadogi kagonjwa hulia usiku, huharisha kwa korido, na jirani aliyekasirika anaweza kuweka sumu kwa nyama. Jirani aliyeambiwa "huyu yuko kwa dawa wiki nne, nivumilie" ni mtu tofauti kabisa, na mara nyingi ndiye atakupigia simu ukiwa kazini akuambie kadogi kamelala vibaya.

Desemba ikifika na mnaenda ocha, beba kadi ya chanjo, dawa iliyobaki na kola. Wa upande wa Homa Bay karibu na Lambwe na Ruma, kuna mbung'o. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena Kenya, lakini hiyo ni kwa binadamu. Mbwa bado anaweza kupata nagana: homa inayokuja na kuondoka, kukonda, ufizi mweupe tena, na jicho kuingia ukungu wa bluu kama glasi yenye mvuke. Ukirudi mjini ukaona hilo jicho, mwambie veti mlilala Lambwe siku ngapi, juu bila hiyo stori ataanza kutafuta erlikia kwanza, na wewe utakuwa umemaliza karatasi nyingine ya siku 28 kwa ugonjwa usio wake.